Theluthi ya Baba

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha karatasi moja na daftari moja. Karatasi tuliisoma mwanzo, na kwa majuma mawili ilitugombanisha. Daftari tulilifungua baadaye, nalo ndilo lililotupatanisha. Tunaandika haya kwa ridhaa ya mama yetu na kwa kukubaliana sisi watoto watano, tukitaraji kwamba yatamfaa msomaji ambaye bado ana afya, ana kalamu, na ana siku za kuandika wasia wake vizuri.

Baba alikuwa mwenye duka Ngamiani, mjini Tanga, kwa zaidi ya miaka thelathini. Aliuza mchele, sukari, mafuta ya taa, na kila ilipokaribia Ramadhani aliagiza tende. Alikuwa na nyumba tuliyokulia, shamba la michungwa huko Muheza, na akiba kidogo. Alijaaliwa watoto sita. Ndugu yetu mmoja alifariki kwa ajali ya barabarani miaka minane kabla ya baba, akaacha mjane na watoto wawili: binti wa miaka sita na mvulana wa miaka mitatu. Baba aliwachukua wote watatu. Wajukuu wale walilelewa katika chumba cha uani, walikwenda madrasa wakiwa wameshika kanzu ya babu yao, na siku zote walimwita baba, kama tulivyomwita sisi.

Karatasi aliyoiacha ilikuwa fupi. Ilikuwa na saini yake na saini za mashahidi wawili waadilifu, mmoja jirani na mwingine mwadhini. Baba aliusia mambo mawili. Shilingi milioni 21 zipewe madrasa ya msikiti wa mtaani, kichimbwe kisima na kuongezwa darasa. Milioni 21 nyingine wapewe wajukuu wale wawili. Kwetu sisi na kwa mama hakuandika lolote, wala hakuwa na haja, kwa sababu mafungu ya warithi yamekwisha kupangwa na Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12, wala hakuna wasia kwa mrithi ila warithi wenzake waridhie.

Tulikutana baada ya wiki sita, mama akiwa bado yumo edani. Sheikh aliyetusimamia hakuanza na wasia. Alituuliza kwanza: ni kitu gani humu ndani si mali ya marehemu? Swali hilo lilitushangaza, lakini lilikuwa na majibu. Ndani ya kabati la dukani mlikuwa na kopo la fedha za upatu wa akina mama wa mtaani, waliomwekea baba amana. Lilirudishwa siku ile ile. Kisha mama alitoa stakabadhi zake za zamani: ekari mbili za shamba la Muheza zilinunuliwa kwa mahari yake na kwa mauzo ya vitumbua vyake. Nazo zikatengwa. Katika nyumba nyingi, mali ya mke huyeyuka ndani ya mali ya mume, kisha mke akapewa thumni ya kitu ambacho nusu yake kilikuwa chake tangu awali. Tunamshukuru sheikh kwa kulifungua jambo hilo mapema.

Baada ya hapo zilitolewa gharama za maziko, kisha madeni. Baba alidaiwa na mfanyabiashara wa jumla, na deni hilo lilikuwa limeandikwa. Kilichobaki, kwa thamani ya nyumba, shamba, bidhaa na akiba, kilikuwa shilingi milioni 84.

Hapo ndipo ilipoanza hesabu iliyotutia mtihanini. Theluthi ya milioni 84 ni milioni 28. Baba ameusia milioni 42, ambayo ni nusu kamili ya mali yake.

Wengi wetu tuliijua habari ya Saad bin Abi Waqqas (r.a.), aliyeugua sana mjini Makka katika mwaka wa Hija ya Kuaga. Alikuwa na mali nyingi, na mrithi wake wa karibu alikuwa binti mmoja. Akamuuliza Mtume (s.a.w.) kama aitoe sadaka theluthi mbili ya mali yake, akakatazwa. Akauliza nusu, akakatazwa. Akauliza theluthi, akakubaliwa, huku akielezwa kwamba hata hiyo ni nyingi, na kwamba kuwaacha warithi wakiwa wanajitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu. Saad alipona, akaishi miaka mingi, na ndiye aliyeliongoza jeshi la Waislamu katika vita vya Qadisiyya. Lakini mpaka aliowekewa siku ile umebaki kuwa mpaka wa kila Muislamu mwenye warithi.

Basi ikawa baba yetu, mtu aliyekuwa akipima mchele kwa kuzidisha kidogo ili asimpunje mteja, ameuvuka mpaka huo. Tulinyamaza kwanza, kisha tukasema mengi kuliko ilivyopasa. Mmoja wetu alisema msikiti una wafadhili, lipunguzwe fungu la madrasa. Mwingine akasema wajukuu ni wetu, tutawalisha hata bila wasia, ila kisima ni sadaka ya kuendelea, na atakayelipunguza fungu hilo anampunguzia baba akhera yake. Wa tatu, kwa hasira, alisema baba ametuingiza katika dhuluma na sasa tunatakiwa kumsafishia. Maneno hayo yalisemwa kwa sauti. Mlangoni alikuwa amesimama yule binti wa marehemu ndugu yetu, sasa ana miaka 14, na sinia la chai mikononi. Mama yake alikuwa jikoni, hatua chache nyuma yake. Hatujui walisikia kuanzia wapi. Aliliweka sinia chini, akatoka.

Aya ya 8 ya Suratun Nisaa inawataja jamaa, mayatima na masikini wanaohudhuria mgawanyo wa mirathi, na kuamrisha wapewe kitu na waambiwe maneno mema. Yatima alihudhuria mgawanyo wetu akiwa amebeba chai yetu, na maneno aliyoyasikia hayakuwa mema. Tunalikiri hili hadharani kwa kuwa lilitokea hadharani.

Sheikh alitutuliza, akatufafanulia mambo matatu.

La kwanza, kwa nini wajukuu wale hawamo katika mirathi. Katika fiqhi tunayoifuata, mtoto wa kiume aliye hai humzuia mjukuu, na baba aliacha watoto wawili wa kiume. Hukumu hiyo haina maana kwamba yatima ametupwa. Maana yake ni kwamba mlango wake ni mwingine, nao ni wasia. Nchi kadhaa za Kiislamu ziliona jinsi mababu wanavyosahau kuufungua mlango huo, zikatunga sheria. Misri, kwa sheria yake ya mwaka 1946, iliufanya wasia kwa wajukuu wa namna hii kuwa wa lazima ndani ya theluthi. Pakistani, mwaka 1961, ilikwenda mbali zaidi na kuwapa wajukuu fungu ambalo mzazi wao angelipata. Maulamaa wamejadiliana sana kuhusu sheria hizo. Lakini katika nyumba kama yetu, babu asipoandika, mjukuu yatima hubaki mikononi mwa huruma za ami na shangazi zake, na huruma hubadilika.

La pili, wasia uliozidi theluthi haubatiliki wote. Theluthi hupita bila idhini ya mtu yeyote, kwa kuwa ni haki ya marehemu. Kinachozidi husubiri ridhaa ya warithi, na kila mrithi huridhia katika fungu lake mwenyewe, wala hawezi kumridhia mwenzake. Wasiporidhia, wote waliousiwa hupunguziwa kwa uwiano. Kwa hivyo milioni 28 za theluthi zitagawanywa sawa kwa sawa: madrasa milioni 14, wajukuu milioni 14. Hakuna ruhusa ya kumnyima mmoja ili mwingine ajazwe.

La tatu, milioni 56 zilizobaki ni mirathi. Mama ana thumni, yaani milioni 7. Zinabaki milioni 49 kwa wana wawili na mabinti watatu, mwanamume fungu la wanawake wawili, ambayo ni mafungu saba. Kila binti milioni 7, kila mwana milioni 14. Anayetaka kuutimiza wasia wote wa baba atatoa robo ya alichopata: mama na kila binti shilingi 1,750,000, kila mwana shilingi 3,500,000. Jumla yake ni zile milioni 14 zilizopungua.

Tuliachana bila uamuzi. Kila mmoja alirudi kwake akiwa na hesabu kichwani na jambo moja moyoni: kwa nini mtu aliyekuwa mwangalifu kiasi kile amekosea kiasi hiki?

Jibu lilikuwa dukani. Siku chache baadaye, dada zetu wawili walikuwa wakipitia daftari la madeni ili kuwajulisha wateja kwamba duka linafungwa. Katikati ya majina ya watu na kilo za sukari walikuta ukurasa wenye tarehe iliyotangulia tarehe ya wasia kwa siku mbili. Baba alikuwa ameorodhesha mali yake yote. Nyumba, kwa bei aliyoikadiria. Shamba la Muheza, na pembeni ameandika kwamba ekari mbili si zake, ni za mama. Bidhaa za dukani. Akiba. Ametoa deni. Jumla: milioni 126. Chini yake ameigawa kwa tatu, ikawa 42. Akaigawa 42 kwa mbili, ikawa 21 na 21.

Hakukosea hata shilingi moja. Siku aliyoandika, wasia wake ulikuwa theluthi kamili.

Kilichobadilika ni yeye. Miezi michache baada ya ukurasa ule figo zake zilianza kushindwa, na kwa miaka miwili tulikuwa njiani naye, Tanga na Dar es Salaam, kusafishwa damu. Akiba iliisha kwanza. Kisha bidhaa zilipungua rafuni wala hazikujazwa tena. Kisha kipande cha shamba kiliuzwa. Baba alikuwa akisita. Mara mbili alisema inatosha, arudi nyumbani. Sisi ndio tuliomsihi auze akatibiwe, na tulikuwa na haki ya kumsihi. Kutoka milioni 126 hadi 84 zimepungua milioni 42, kiasi kile kile alichokuwa amekitenga kwa ajili ya akhera yake na kwa mayatima wake. Theluthi ya wasia huhesabiwa katika mali iliyopo siku ya kufa, si siku ya kuandika. Mali ilipungua, na karatasi ilibaki vile vile, na sisi tulikaa barazani tukisema baba ametudhulumu.

Tulikutana mara ya pili bila kuitwa na mtu. Safari hii tulimwomba mjane wa ndugu yetu akae pamoja nasi, na tukamtaka radhi yeye na binti yake kabla ya jambo lolote jingine. Mama, akiwa ndani nyuma ya pazia, ndiye aliyesema wa kwanza. Alisema fungu lake likatwe robo, na akatukataza kumfuata kwa ajili ya kumwonea haya. Dada zetu watatu waliridhia. Mmoja wa wana wawili aliridhia.

Mmoja hakuridhia. Hatutasema ni yupi, wala si kwa kuficha aibu, kwa kuwa hakuna aibu. Alisema anadaiwa na watu, mdai wake amekuwa akimvumilia tangu kabla ya msiba, na milioni tatu na nusu hizo ndizo zitakazomtoa katika deni. Baadhi yetu tulianza kuguna. Sheikh alitukatiza. Alisema ridhaa inayotolewa kwa kusukumwa na macho ya watu si ridhaa, na mali ya Muislamu haihalaliki ila kwa moyo mkunjufu. Akaongeza kwamba katika mali ya baba tulilipa deni kabla ya kufikiria kisima, sasa kwa nini tumtake mwana aanze na kisima kabla ya deni? Hatukuwa na la kujibu. Ndugu yetu huyo alimlipa mdai wake juma lile lile alipopokea fungu lake.

Walioridhia walitoa jumla ya milioni 10 na nusu. Hizi zilikuwa zetu, si za theluthi, na tulikuwa na hiari ya kuzielekeza. Imamu wa msikiti, aliyekuwepo kama shahidi, ndiye aliyetutoa katika ugumu. Alisema madrasa ina mtaa mzima wa kuitazama, na mayatima hawa wana baraza hili tu. Akatukumbusha kwamba sadaka kwa jamaa ina thawabu mbili, ya sadaka na ya kuunga undugu. Basi milioni 7 ziliongezwa kwa wajukuu, wakapata milioni 21 kamili kama alivyotaka babu yao. Milioni 3 na nusu zilikwenda madrasa, ikapata milioni 17 na nusu. Kisima kimechimbwa na kinatoa maji. Darasa limesimama kuta, bado halijaezekwa, na tunaamini mwenye kuliezeka yupo.

Mambo ya serikali nayo yalifuatwa. Muhtasari wa kikao cha ukoo uliandikwa na kusainiwa, msimamizi wa mirathi akateuliwa na mahakama ya mwanzo, na kila shilingi ikatolewa kwa maandishi. Fedha za wajukuu zimewekwa peke yake, hazikuchanganywa na za yeyote kati yetu, na hutolewa kwa ada na mahitaji yao kwa hesabu inayosomwa mbele ya mama yao. Aya ya 10 ya Suratun Nisaa kuhusu wanaokula mali ya yatima kwa dhuluma si ya kusomwa khitmani tu.

Ndugu msomaji, yaliyotupata yametufunza machache ambayo tunapenda kukuachia.

Andika wasia wako kwa mafungu, si kwa fedha taslimu. Laiti baba angeandika kwamba theluthi ya mali yake igawanywe nusu kwa nusu baina ya madrasa na wajukuu, karatasi yake ingekuwa sahihi siku aliyoiandika na siku aliyokufa, hata mali ingepungua vipi. Au andika pungufu ya theluthi: Ibn Abbas (r.a.) alipendelea watu washuke hadi robo, kwa kuwa theluthi yenyewe ilielezwa kuwa ni nyingi.

Upitie wasia huo kila mwaka. Siku unayokaa kuhesabu zaka, mali yako yote iko mbele yako. Uhesabu na wasia siku hiyo hiyo.

Kabla ya kufikiria majengo, fikiria watu wako wasio na fungu. Mjukuu aliyefiwa na baba, mtoto uliyemlea asiye wa damu yako, dada au shangazi aliyezuiwa na watoto wako, ndugu wa imani nyingine aliyekuuguza. Hawa hawaingii kwa mlango wa mirathi. Huwaingiza wewe, kwa theluthi yako, au hawaingii kabisa. Na kama unataka kutoa zaidi ya theluthi kwa msikiti au kwa yatima, toa ukiwa mzima, kwa hiba au wakfu, na ukabidhi kweli, usingoje warithi wako wakutolee.

Weka mashahidi wawili waadilifu, na uwaambie watu wako karatasi iko wapi. Ofisi ya serikali ya RITA nayo hupokea na kuhifadhi wosia za wananchi. Mtume (s.a.w.) alielekeza kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale hata siku mbili bila ya wasia wake kuwa umeandikwa, na Ibn Umar (r.a.) alisimulia kwamba tangu aliposikia hivyo, haukupita usiku ila wasia wake ulikuwa naye.

Sisi watoto watano tumeurudufu ule ukurasa wa daftari, na kila mmoja ana nakala yake. Hadi tunaandika haya, watatu kati yetu tumekwisha kuandika wasia zetu, kwa mafungu. Wawili bado, nasi tunawahimiza, kwa kuwa hakuna kati yetu anayejua kama ataumwa kwanza au ataondoka ghafla kama ndugu yetu yule.

Mwenyezi Mungu amrehemu baba yetu, amkubalie alichokusudia na asichowahi kukitimiza, na atujaalie wenye kuwaachia wenzetu karatasi zinazopatanisha. Wabillahi tawfiq.